Rozari inayofika hadi kliniki

Kila Jumatatu na Jumamosi, Wakatoliki wanaposali rozari hutafakari Matendo ya Furaha. Tendo la pili ni la safari. Msichana wa Nazareti, ambaye ndio kwanza amepashwa habari za mimba asiyoitarajia, anaondoka kwa haraka kuelekea nchi ya milima, nyumbani kwa jamaa yake Elizabeti, naye akiwa mjamzito wa miezi sita. Mwinjili Luka anaandika kwamba Maria alikaa huko kama miezi mitatu. Mahubiri mengi husema alikwenda kumsaidia Elizabeti katika uzee wake, na ni kweli. Lakini Maria naye alihitaji msaada. Alikuwa ameposwa, hajaolewa, na sheria ya kwao ilikuwa kali kwa msichana wa hali hiyo. Katika nyumba ya Elizabeti alimpata mtu mzima aliyeifurahia mimba yake bila kuuliza itakuwaje.

Kanisa Katoliki lina hazina kubwa ya ibada zinazomhusu mama na mtoto aliye tumboni. Ipo sala iliyoenezwa na Askofu Mkuu Fulton Sheen wa Marekani, ambayo muumini huisali kwa miezi tisa akimwombea mtoto asiyemjua, aliye katika hatari ya kutolewa. Ipo heshima kwa Bikira Maria wa Guadalupe wa kule Mexico, ambaye katika picha yake ya mwaka 1531 amefungwa mshipi mweusi, alama ya mwanamke mjamzito. Yupo Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari wa Italia aliyefariki Aprili 1962, wiki moja baada ya kujifungua, akiwa amekataa matibabu ambayo yangemgharimu mtoto wake uhai. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2004.

Ibada hizo ni njema, na mwenye kuzisali anajua zinavyoulainisha moyo. Kinachotakiwa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ni hatua inayofuata. Kikundi kinachoombea watoto ambao hawajazaliwa kimtafute mama mmoja, kimjue kwa jina, kimshike mkono tangu kliniki ya kwanza hadi mtoto aanze kutembea. Na kabla ya kumtafuta, parokia iondoe kwanza hofu ambayo yenyewe imesaidia kuipanda.

Hofu hiyo ni ya kweli. Msichana wa Khayega au Shinyalu, humuhumu Kakamega, anayekosa hedhi kwa mwezi wa pili huwa na watu watatu anaowaogopa. Wa kwanza ni baba yake. Katika boma la Waluhya, mtoto hufuata ukoo wa baba, na swali la mtoto huyu ni wa nani halina adabu ya kusubiri azaliwe. Akiwa mvulana, swali hurudi siku ya kutahiriwa, kisha hurudi tena siku ya kugawa shamba. Wajomba huanza kuhesabu ekari zao wakati mama mtu bado anatapika asubuhi. Wa pili ni mwalimu, kama bado yuko shuleni. Wa tatu, na hapa ndipo penye uchungu kwa Mkatoliki, ni watu wa kanisani kwake: mwenyekiti wa jumuiya, mama wa kwaya, katekista aliyemfundisha Kipaimara.

“Amezalia nyumbani,” watu husema, na maneno hayo mawili humfuata mwanamke hadi uzeeni.

Kwa sababu ya hofu hiyo, uamuzi mkubwa kuliko yote maishani mwake huufanya peke yake, mara nyingi usiku, mara nyingi kwa ushauri wa rafiki wa rika lake ambaye naye ameambiwa na rafiki mwingine. Utafiti wa Wizara ya Afya na kituo cha APHRC cha Nairobi ulikadiria kwamba mwaka 2012 peke yake mimba 464,690 zilitolewa nchini Kenya, na karibu wanawake 120,000 walihitaji matibabu kwa madhara yaliyofuata. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamewahi kupata mimba. Mwaka 2014 walikuwa 18. Tumepiga hatua, lakini kwa Kaunti ya Kakamega, yenye watu 1,867,579 kwa hesabu ya mwaka 2019, hata hatua hiyo inaacha nyuma wasichana wengi mno.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa, na hairuhusu utoaji mimba isipokuwa pale mtaalamu wa afya anapoona kuna dharura ya matibabu, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Maaskofu Wakatoliki waliipinga rasimu ya Katiba hiyo katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, kwa kuona kwamba mlango huo ulikuwa mpana mno. Mjadala huo haujaisha, na msimamo wa Kanisa unajulikana na kila mtu. Kisichojulikana vya kutosha ni mahali pa kubisha hodi. Mtu mwenye umri wa miaka 17 na mimba ya wiki 10 hatafuti hoja. Anatafuta mahali pa kulala iwapo atafukuzwa, nauli ya bodaboda, na mtu mzima wa kusimama kati yake na baba yake siku ya kusema ukweli.

Roma yenyewe imeliona tatizo hili. Desemba 2023, ofisi ya Vatican inayosimamia mafundisho ya imani, chini ya Kardinali Víctor Manuel Fernández, ilimjibu askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika aliyekuwa na wasiwasi kuhusu akina mama wasioolewa. Wanawake hao walikuwa wakijiepusha na Komunyo kwa kuogopa ukali wa mapadre na viongozi wa jumuiya zao. Jibu, lililopata kibali cha Papa Fransisko, lilikuwa wazi: mwanamke aliyeichagua njia ya uhai, akabeba mzigo wake katika hali ngumu, atiwe moyo kuzijongea sakramenti zinazoponya na kufariji. Aungame kama waumini wengine wanavyoungama, kisha akaribie meza ya Bwana.

Barua hiyo ilikwenda ng’ambo ya Atlantiki, lakini ingeweza kuandikiwa parokia nyingi za Magharibi mwa Kenya. Hapa pia msichana mwenye tumbo huondolewa kwenye kwaya kimyakimya. Hapa pia mtoto wake husubirishwa ubatizo kwa sababu baba hajulikani au hajajitokeza. Sheria ya Kanisa, Kanuni ya 868, inataka ridhaa ya mzazi mmoja tu, pamoja na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Mama peke yake anatosha. Parokia inayodai cheti cha ndoa kabla ya kumbatiza mtoto mchanga inadai kitu ambacho Kanisa halijadai. Msichana anayeyaona hayo yakimpata dada yake hujua mapema litakalompata yeye, na huo ni ushauri wenye nguvu kuliko mahubiri ya Jumapili.

Wapo watakaosema kwamba kumpokea hivyo ni kuihalalisha dhambi, na kwamba wasichana wengine watafuata mkumbo. Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Wazazi wanaoitoa wamehangaika kulipa karo, wameuza ng’ombe, na wanaogopa kuona jasho lao likipotea. Lakini hakuna msichana anayetamani mimba ya kidato cha pili kwa sababu jirani yake aliletewa uji. Anachojifunza kwa kumwona jirani akiaibishwa ni namna ya kuficha, na mimba iliyofichwa ndiyo inayoishia kwa mganga wa kienyeji, chooni, au katika wodi ya dharura. Ukali huo haujapunguza mimba. Umepunguza wanaosema mapema.

Historia ya Kanisa ina mfano wa ibada iliyoshika njia nyingine, na mfano huo unagusa Kenya moja kwa moja. Lejio ya Maria ilianzishwa Dublin, Ireland, Septemba 1921, na mtumishi wa serikali aitwaye Frank Duff. (Isichanganywe na Kanisa la Legio Maria lililojitenga Nyanza katika miaka ya 1960.) Ni chama cha sala: rozari kila wiki, altare ndogo ya Bikira Maria mezani, kumbukumbu za mkutano zikisomwa kwa utaratibu. Lakini kila mwanachama hupewa pia kazi ya wiki, na kazi hiyo hufanywa na watu wawili wawili, mara nyingi kwa kutembelea nyumba za watu.

Mwaka 1930 Lejio ilifungua Dublin nyumba iliyoitwa Regina Coeli. Katika Ireland ya wakati huo, msichana aliyepata mimba nje ya ndoa alipelekwa kwenye nyumba maalumu, nyingi zikisimamiwa na watawa, akajifungua humo kwa siri, na mara nyingi akatenganishwa na mwanawe. Regina Coeli iliwaruhusu akina mama wakae na watoto wao. Mama alitoka asubuhi kwenda kazini, mtoto akabaki chini ya uangalizi, jioni wakawa pamoja. Tume ya uchunguzi ya serikali ya Ireland, iliyotoa ripoti yake Januari 2021, ilichunguza taasisi 18 na kukuta kwamba watoto wapatao 9,000 walifia humo katika miongo kadhaa. Ripoti hiyohiyo iliitambua Regina Coeli kuwa nyumba iliyowasaidia akina mama wasioolewa kuwalea watoto wao wakati nyingine hazikufanya hivyo. Nayo ilipoteza watoto wengi katika miaka yake ya mwanzo, maana ilikuwa maskini na wahudumu wake walikuwa watu wa kujitolea. Ukweli huo wote unapaswa kubebwa pamoja. Kanisa lilelile, nchi ileile, Maria yuleyule: upande mmoja aibu ilitawala na mama akanyang’anywa mtoto, upande wa pili kikundi cha rozari kikamwachia mwanawe.

Lejio hiyo ilifika kwetu kupitia mwanamke mmoja mdogo wa mwili na mgonjwa wa kifua kikuu. Edel Quinn aliondoka Ireland mwaka 1936, akazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Mauritius kwa gari kuukuu akianzisha vikundi, hadi alipofariki Nairobi Mei 12, 1944, akiwa na umri wa miaka 36. Kaburi lake liko Nairobi, na tangu mwaka 1994 Kanisa limemtambua kuwa Mheshimiwa, hatua mojawapo kuelekea utakatifu. Leo vikundi vya Lejio vinapatikana katika parokia nyingi za Kenya. Utaratibu wa kutembelea watu wawili wawili upo tayari. Kinachohitajika ni kuuelekeza kwenye nyumba ambayo watu wameacha kupita.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, kaskazini mwa Uganda. Sista Rosemary Nyirumbe, wa shirika la watawa wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alipewa mapema katika miaka ya 2000 kuongoza Kituo cha Ushonaji cha Wasichana cha Mtakatifu Monica mjini Gulu. Vita vya waasi wa LRA vilikuwa vikiendelea. Wasichana waliotekwa utotoni walikuwa wakitoroka msituni na kurudi nyumbani wakiwa na watoto waliozaa na makamanda, na vijiji vyao havikuwataka, wala wao wala watoto. Sista Rosemary alipeleka tangazo redioni: waje, na waje na watoto wao. Walikuja. Kituo kikawafundisha kushona na kupika, watoto wakitunzwa palepale. Baadaye wakaanza kutengeneza mikoba ya kuuza kutokana na vifunguo vya mikebe ya soda. Mwaka 2007 alitambuliwa na CNN miongoni mwa mashujaa wake, na mwaka 2014 jarida la Time likamweka katika orodha ya watu 100 wenye ushawishi duniani.

Neno lililofanya kazi kubwa katika tangazo lile ni kwamba waje na watoto wao. Halikumtaka msichana achague kati ya mwanawe na maisha yake. Kisha likafuatwa na cherehani, kwa sababu mama asiye na shilingi hurudi kwa mwanamume yuleyule aliyemtelekeza, au kwa mwingine kama yeye.

Kakamega haihitaji kuanzia sifuri. Wamisionari wa Mill Hill walifika Mukumu mwaka 1906, na jimbo lilipoundwa mwaka 1978 chini ya Askofu Philip Sulumeti, lilirithi mtandao wa shule, zahanati na hospitali. Mukumu, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, ipo hospitali ya misheni inayoitwa Mtakatifu Elizabeti, jina linalomrudisha msomaji wa Injili kwenye nyumba ile ya milimani. Mumias ipo Hospitali ya Mtakatifu Maria. Wapo watawa wa shirika la kienyeji la Masista wa Maria wa Kakamega. Na tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, vijiji vingi vina vikundi vya familia zinazokutana.

Anayetaka kuona nguvu ya vikundi hivyo ahudhurie jumuiya siku ya wiki, saa kumi na moja jioni. Viti vya plastiki vimekusanywa kutoka nyumba tatu. Juu ya stuli iliyofunikwa kitambaa cheupe kuna mshumaa, msalaba na Biblia. Rozari inasaliwa, somo la Jumapili linasomwa, kila mmoja anasema lililomgusa. Kisha daftari linafunguliwa: nani ni mgonjwa, nani amefiwa, mchango wa mazishi umefika wapi. Hapo ndipo Waluhya wanapoonyesha walivyo mahodari. Msiba ukitangazwa leo, kufikia kesho kutwa kuna hema, sufuria, kuni na mahindi. Hakuna anayeuliza marehemu alikufa akiwa na dhambi gani.

Daftari hilohilo linaweza kupewa ukurasa mmoja zaidi, wa mama anayetarajia.

Mahitaji yake yanajulikana na si ya kutisha. Mama anayekwenda kujifungua hufungasha begi: leso mbili, pamba, sabuni, beseni, nepi, nguo za mtoto, kofia na soksi, blanketi. Anahitaji nauli ya siku, na nauli ya usiku ambayo ni kubwa zaidi, pamoja na namba ya mwendesha bodaboda au mwenye gari aliyekubali mapema kwamba atapokea simu saa nane za usiku. Kabla ya hapo anahitaji kufika kliniki mapema, apimwe damu na shinikizo, apewe tembe za kuongeza damu na kijitabu cha mama na mtoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ahudhurie mara nane. Msichana anayeficha mimba hufika mwezi wa saba, kama anafika, na huyo ndiye ambaye mkunga humhofia zaidi, kwa kuwa nyonga zake hazijakomaa na hakuna anayejua historia yake.

Upo pia ugumu wa karatasi. Huduma ya uzazi bila malipo iliyotangazwa Juni 2013, ikaja kujulikana kama Linda Mama, sasa imeingizwa katika bima mpya ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Lakini msichana wa miaka 16 hana kitambulisho, na usajili wake hupitia kwa mzazi, yuleyule aliyemfukuza. Mtu mzima wa parokia anayejua njia ya ofisi ya afisa wa watoto na ya chifu anaweza kulifungua fundo hilo kwa asubuhi moja. Msichana mwenyewe hawezi.

Kaunti yenyewe iliwahi kuonyesha njia. Mwaka 2013, enzi za Gavana Wycliffe Oparanya, ilianzishwa programu ya Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, kwa usaidizi wa UNICEF. Watu waliiita Oparanya Care. Mama kutoka familia maskini alipewa shilingi 12,000 kwa awamu sita za 2,000, kila awamu ikifungamanishwa na mahudhurio: kliniki ya wajawazito, kujifungua hospitalini, chanjo, hadi mtoto afikishe miezi 18. Mwaka 2017 ikatungwa sheria ya kaunti ya kuipa programu hiyo msingi. Busara yake ilikuwa katika muda. Haikuishia mlangoni mwa wadi ya uzazi. Ilijua kwamba mwaka wa kwanza wa mtoto ndio unaomwangusha mama: maziwa yanapokauka kwa njaa, chanjo inaporukwa kwa kukosa nauli, kibarua kinapokosekana kwa kukosa wa kumwachia mtoto.

Kipimo hicho cha miezi 18 kinafaa kuwa kipimo cha vikundi vya sala pia. Lejio imtembelee, watu wawili, wanawake anaowaamini. Kanuni za Lejio haziruhusu wanachama kugawa misaada ya vitu, kwa hiyo begi la kujifungulia na unga wa wimbi vitoke kwa Wanawake Wakatoliki au Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Mhudumu wa afya ya jamii aambiwe mapema. Hospitali ya misheni ipeleke muuguzi parokiani mara moja kwa mwezi. Na familia moja katika parokia ikubali kuwa na kitanda cha akiba kwa msichana aliyefukuzwa, kwa muda, huku wazee wakizungumza na baba yake. Hasira nyingi za wazazi hupoa mtoto akishazaliwa. Kukhu, yaani nyanya wa mtoto, akimpakata mjukuu, nyumba hubadilika. Kazi kubwa ni kumvusha msichana salama hadi siku hiyo.

Kuna mmoja ambaye hadi hapa hajatajwa, na kutotajwa kwake ndiko kumezoeleka. Baba wa mtoto.

Katiba, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inashikilia hivyo. Umoja wa wanaume Wakatoliki wa parokia una kazi hapa. Kijana wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro aliyempa mwenzake mimba anaweza kuketishwa na wanaume wa rika la baba yake, bila kelele, akaambiwa anachopaswa kufanya, akasaidiwa kukifanya. Kumlazimisha aoe si lazima. Ndoa ya kufunika aibu huzaa matatizo mengine. Kulea ni lazima.

Lakini msichana akiwa na miaka chini ya 18, mambo ni mengine kabisa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haitambui ridhaa ya mtoto. Mimba ya msichana wa miaka 14 ni ushahidi wa unajisi, na aliyemfanyia huenda ni mtu mzima anayejulikana sana: mwendesha bodaboda, jirani, mwalimu, ndugu wa nyumbani. Vijijini kesi nyingi za namna hii humalizwa chini ya mwembe kwa mbuzi wawili na ahadi. Kikundi cha ibada kinachokubali kuketi katika kikao hicho kimemsaliti mtoto. Wajibu wao ni kumpeleka hospitali, kituo cha polisi na kwa afisa wa watoto, au kupiga simu 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Na wasimwache katikati ya kesi, maana ndipo vitisho huanza.

Shule nayo ina nafasi. Tangu mwaka 1994 sera ya Kenya imekuwa kwamba msichana aliyejifungua arudi darasani, na mwongozo wa mwaka 2020 umeeleza taratibu zake, ikiwa ni pamoja na kumruhusu aendelee kusoma akiwa mjamzito kadiri awezavyo. Tanzania iliufungua mlango huo rasmi Novemba 2021. Jimbo la Kakamega linafadhili shule nyingi. Kasisi anayekaa katika halmashauri ya shule anaweza kuuliza kila muhula: ni wasichana wangapi waliondoka kwa ajili ya mimba, na wangapi wamerudi? Swali hilo likiulizwa mara kwa mara, mwalimu mkuu huanza kulitafutia jibu.

Wapo pia wanawake waliokwisha kutoa mimba, na wengi wao huketi kanisani kila Jumapili. Nao ni wa huduma hii. Katika waraka wake Evangelium Vitae wa Machi 25, 1995, Yohane Paulo II aliwaandikia wao moja kwa moja, akiwaambia wasikate tamaa. Novemba 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote, bila kikomo cha muda, mamlaka ya kuwaondolea dhambi hiyo katika kitubio. Ni vyema jambo hili litangazwe mimbarini waziwazi, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa kuna mama anayelibeba tangu ujana wake akiamini kwamba ni askofu pekee awezaye kumfungua. Na mwanamke aliyepita njia hiyo, akipona, mara nyingi ndiye anayejua zaidi jinsi ya kuzungumza na msichana aliyefungiwa chumbani akilia.

Parokia zitakapoketi kupanga bajeti ya mwaka ujao, yapo mambo manne ambayo halmashauri inaweza kuyapitisha kwa kikao kimoja. Fungu la fedha kwa akina mama wanaotarajia, hata liwe dogo, lenye mtunza hazina mwanamke. Majina mawili ya akina mama watakaopokea simu wakati wowote, namba zao zikibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kwenye zahanati na katika vyoo vya wasichana shuleni, ambako msichana anaweza kuisoma namba bila kuonekana. Tamko la paroko kwamba ubatizo wa mtoto wa mama asiyeolewa utafanyika siku moja na wengine, kanisa likiwa limejaa. Na ombi kwa kila kikundi cha rozari kwamba kabla ya Mei 31, sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti, kiwe kimemtembelea mama mmoja, kimejua tarehe yake ya kliniki na jina la mtu atakayempeleka.